Kamanyola: Sarafu nne, mfuko mmoja na daftari la mtu anayefanya biashara peke yake

Kabla ya saa sita mchana, muuzaji wa mchele au mafuta ya mawese katika soko la Kamanyola anaweza kuwa ameshapokea noti za aina nne: faranga za Kongo kutoka kwa jirani, faranga za Rwanda kutoka kwa mteja aliyevuka kutoka Bugarama, faranga za Burundi kutoka kwa mtu wa upande wa Cibitoke, na noti ya dola kutoka kwa dereva anayepandisha kwenda Bukavu. Zote huishia kwenye mfuko mmoja wa aproni au kwenye fundo moja la kitenge. Jioni anaona wazi kwamba mfuko umejaa. Kama amepata faida au amekula mtaji wake, hajui.

Kamanyola iko katika bonde la Ruzizi, wilaya ya Walungu, mahali Kongo, Rwanda na Burundi zinapokaribiana kiasi cha kusikiana. Mobutu alilipa meli yake ya kifahari jina la mji huu, lakini wanaopita hapa leo wanaujua zaidi kwa soko lake na kwa barabara ya taifa namba 5, inayounganisha Bukavu na Uvira. Wengi wanaouza hapa hufanya kazi peke yao. Mtu huyohuyo mmoja ndiye mnunuzi, mbebaji, muuzaji, mlinzi na mhasibu. Kazi nne za kwanza hufanyika kila siku kwa sababu haziwezi kungoja. Ya tano husogezwa hadi kesho, na kesho hiyo mara nyingi haifiki.

Tangu Februari 2025, kusogeza huko kumekuwa na gharama kubwa zaidi. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu na kushuka hadi Kamanyola, benki za Bukavu zilikuwa zimefunga milango. Noti zikaadimika, na mawakala wa fedha za simu wakawa ndio benki ya kila mtu. Desemba mwaka huohuo vita vilirudi bondeni, na familia nyingi zilikimbia, baadhi zikivuka kwenda Rwanda. Mwenye duka dogo aliondoka na alichoweza kubeba. Kama hesabu zake zilikuwa kichwani, alibaki na kile alichokumbuka, na kama zilikuwa kwenye simu iliyoibwa njiani, hata hicho kilikuwa cha kukisia.

Dola iliyopungua bila kuibwa

Watu wa Kivu wamezoea kwa miaka mingi kuhesabu mali kwa dola. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka zaire ya miaka ya 1990: mwaka 1993 zaire milioni tatu zilibadilishwa kuwa zaire mpya moja, na hata hiyo mpya haikudumu. Faranga ilirudi mwaka 1998. Baada ya hapo watu wakashika kanuni moja, kwamba faranga ni ya kununulia chumvi na dola ni ya kuweka.

Miezi ya mwisho ya 2025 iliigeuza kanuni hiyo. Dola iliyokuwa ikibadilishwa nchini kwa zaidi ya faranga 2,800 ilishuka katika wiki chache hadi chini ya 2,500. Waliokuwa na faranga walishangilia, ingawa bei sokoni hazikuwa na haraka ya kushuka. Waliokuwa wameweka dola walijikuta wakinunua kidogo zaidi kwa noti ileile.

Chukua mfano wa mama anayeuza mchele na ambaye ameweka dola 150 za biashara kwenye sanduku. Kwa kiwango cha 2,800, fedha hizo ni faranga 420,000. Kwa kiwango cha 2,400, ni faranga 360,000. Faranga 60,000 zimeondoka na hakuna aliyefungua sanduku. Kama daftari lake lina safu moja tu, ya faranga, na siku ya kwanza aliandika 420,000, siku ya kuhesabu atakuta pengo. Mtu wa kwanza kuangaliwa usoni ni kijana anayemsaidia kupima mchele, au mtoto wa dada yake anayelala dukani.

Hesabu mbaya inaweza kumfukuza mtoto asiye na kosa. Inaweza pia kufanya kinyume chake: kumwacha mwizi akae, kwa sababu kila pengo linasingiziwa dola.

Dawa ya tatizo hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila sarafu iandikwe kwa jina lake, katika safu yake, na isigeuzwe kuwa nyingine isipokuwa siku ilipobadilishwa kweli kwa kambista. Dola 150 zilizoingia Septemba zibaki kuwa dola 150 kwenye karatasi. Zikihesabiwa Novemba na zikapatikana 150, sanduku ni salama na kijana ni salama. Kwamba zinanunua kidogo zaidi ni habari nyingine, nayo ina nafasi yake: kiwango cha siku, kikiandikwa juu ya ukurasa.

Sheria yenyewe inataka daftari

Kuna dhana kwamba uhasibu ni kazi ya kampuni zenye ofisi, na kwamba mwenye meza sokoni hahusiki maadamu ana karatasi yake ya patenti, ambayo msingi wake ni sheria ya Agosti 1979 kuhusu biashara ndogo. Lakini Kongo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria hiyo, iliyopitishwa Lomé Desemba 2010, inamtambua mtu anayejiandikisha kuwa mfanyabiashara mdogo wa peke yake, na inamtaka aandike siku kwa siku katika kitabu fedha zilizoingia na zilikotoka, akitenganisha zilizolipwa taslimu na zilizolipwa kwa njia nyingine, pamoja na fedha zilizotoka na zilikokwenda. Kitabu hicho kitunzwe kwa miaka mitano angalau.

Hakuna neno lolote hapo kuhusu kompyuta. Kanuni za uhasibu za OHADA zilizoanza kutumika Januari 2018 nazo zimeweka mfumo mwepesi kwa biashara ndogo sana, unaosimama juu ya jambo moja: fedha iliyoingia na fedha iliyotoka. Anayeuza bidhaa anaweza kubaki katika mfumo huo hadi mauzo ya mwaka yafikie faranga za CFA milioni 60, kiasi ambacho meza nyingi za Kamanyola hazikikaribii.

Kwa maneno mengine, daftari la shule la mistari, likiandikwa vizuri, linakidhi sehemu kubwa ya kile ambacho sheria inamwomba mtu huyu. Wanaouza mafunzo ya uhasibu ya wiki nzima hawapendi kulitaja sana jambo hilo.

Karatasi kwanza

Kwa mazingira ya Kamanyola, daftari lina sifa ambazo simu haina. Halihitaji chaji mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, ingawa maji ya mto uleule wa Ruzizi huendesha mitambo huko juu. Halihitaji mtandao. Mwizi haoni sababu ya kulichukua. Likifungwa ndani ya mfuko wa plastiki, linaingia kwenye kikoba pamoja na nguo za mtoto.

Tatizo lake ni namna linavyochorwa. Ukurasa wenye safu za kuingia, kutoka na kubaki kwa sarafu nne unahitaji safu kumi na mbili, na hakuna daftari la shule linalobeba hizo. Anayejaribu ataacha siku ya tatu. Inafaa kupunguza. Muuzaji asiyenunua mali Rwanda wala Burundi anaweza kuzibadilisha noti za jirani kwa kambista kabla ya jua kuzama, kisha akaandika tu alichopata kwa faranga za Kongo. Hapo anabaki na sarafu mbili, na ukurasa unatosha: dola upande wa kushoto, faranga upande wa kulia.

Anayevuka kwenda Bugarama kununua mali hawezi kufanya hivyo, kwa sababu atazihitaji faranga za Rwanda asubuhi inayofuata. Hata mwenye safari ya Bukavu huzihitaji: barabara ya Ngomo inapokuwa mbaya, magari mengi huzunguka kupitia Rwanda. Huyo anahitaji safu ya tatu. Faranga za Burundi ni jambo la pekee, na zinastahili kubadilishwa haraka kuliko zote. Bei yake ya benki na bei yake ya mitaani zimeachana mno, na anayeziweka sandukuni kwa matumaini anacheza mchezo ambao hata wafanyabiashara wakubwa wa Bujumbura unawaumiza.

Kuna na mambo madogo ambayo vitabu vya uhasibu havitaji. Noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni hukataliwa au hupokelewa kwa bei ya chini, hata kama Marekani yenyewe isingeijali. Muuzaji aliyepokea noti ya dola 20 yenye mchano, akaiandika 20, atakosa dola moja au mbili siku ya kuitumia. Anayeiweka kando na kuandika pembeni neno moja, «imechanika», anajua kabla ya kambista kumwambia. Vivyo hivyo jetoni ya ushuru wa soko na malipo ya njiani: kiasi ni kidogo, lakini hulipwa kila siku, na kisichoandikwa kwa sababu ni kidogo ndicho kinachomaliza faida ya mwezi.

Simu inasaidia, lakini haihesabu

Vodacom ilileta M-Pesa Kongo mwaka 2012, miaka mitano baada ya Kenya, na leo Airtel Money, Orange Money na M-Pesa ni majina ya kila siku bondeni. Akaunti ya M-Pesa nchini Kongo ina sehemu mbili, ya dola na ya faranga, na anayetuma lazima achague. Simu imeelewa jambo ambalo madaftari mengi bado hayajaelewa.

Ujumbe unaoingia baada ya kila malipo ni stakabadhi nzuri: una tarehe, kiasi na namba. Kwa biashara ya mtu mmoja, unaweza kuonekana kama daftari linalojiandika lenyewe. Lakini ujumbe huo hausemi kama dola 30 zilizotoka zilikuwa za magunia au za karo ya mtoto. Kumbukumbu ya simu ndogo ikijaa, ujumbe wa zamani hufutwa ili mpya uingie. Na namba moja ikitumika kwa biashara, kwa shemeji aliye Uvira na kwa kanisa, hakuna anayeweza kuichambua baada ya miezi mitatu.

Laini ya pili ya simu, kwa biashara tu, ni moja ya vyombo bora vya uhasibu vinavyopatikana kwa bei ndogo. Kila jioni jumla ya laini hiyo huandikwa daftarini kwa mstari mmoja, kando ya fedha taslimu, kama ile sheria ya Lomé inavyotaka. Gharama ya kutoa fedha kwa wakala iandikwe mstari wake. Wakati benki zilipofungwa na noti zikapungua, gharama hiyo ilipanda hadi kula faida ya wengi bila wao kuijua, kwa kuwa hawakuwahi kuiona imeandikwa popote.

Vipi kuhusu programu za uhasibu za simu janja? Zipo nyingi, na baadhi ni nzuri. Huko India, programu ya Khatabook ilienea kwa sababu ilianzia kwenye jambo ambalo wenye maduka walilifanya tayari, yaani daftari la madeni, na ikaongeza ujumbe wa kumkumbusha mdaiwa. Kijana wa Kamanyola mwenye duka la vipuri au la simu, anayechaji betri kwa sola na kuandika haraka kwa kidole gumba, anaweza kupata nafuu kubwa kwa programu ya aina hiyo, au hata kwa jedwali la Excel.

Lakini kabla ya kuipa imani, aijaribu kwa maswali ya hapa. Inafanya kazi bila mtandao? Simu ikipotea, hesabu zinapatikana kwenye simu nyingine? Inakubali sarafu zaidi ya moja? Programu nyingi hushindwa swali hili la mwisho, na zile zinazolijibu mara nyingi huchukua viwango rasmi kutoka intaneti. Kwa faranga ya Burundi kiwango hicho ni hadithi tu: programu itamwonyesha muuzaji utajiri ambao hakuna kambista atakayempa. Programu nzuri itamruhusu aandike mwenyewe kiwango alichobadilishia.

Kwa wengi, njia ya kati inatosha. Daftari liandikwe kwa kalamu, na kila Jumamosi kurasa za wiki zipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa mtu mmoja wa kuaminika aliye mji mwingine. Daftari likilowa au likiungua, picha zipo. Simu ikiibwa, daftari lipo.

Mifuko miwili

Ugonjwa mkubwa wa biashara ya mtu mmoja, hata hivyo, hauponywi na kalamu peke yake. Mwenye duka ndiye mwenye nyumba. Unga wa fufu wa jioni hutoka kwenye gunia la kuuza, dawa ya mtoto hutoka kwenye fedha za mali, na mgeni akifika, soda hutoka kwenye kreti.

Watafiti Drexler, Fischer na Schoar walilichunguza jambo hili katika Jamhuri ya Dominika, na mwaka 2014 walichapisha matokeo. Wafanyabiashara wadogo waligawanywa: baadhi walifundishwa uhasibu wa kawaida, wengine walipewa kanuni chache nyepesi tu, mojawapo ikiwa kuweka fedha za biashara na za nyumbani katika droo mbili tofauti. Waliofundishwa uhasibu wa kawaida hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Waliopewa kanuni nyepesi walianza kuandika hesabu zao vizuri zaidi.

Wanawake wa Kivu Kusini hawahitaji kwenda mbali hivyo kuipata fikra hiyo. Wengi wao wako katika MUSO, vikundi vya kusaidiana vyenye sanduku la kijani la akiba na mikopo, na jekundu la misiba na magonjwa. Kila mwanachama anajua kwamba fedha ya sanduku jekundu haichukuliwi kununulia mali, na hakuna aliyehitaji shahada kulielewa. Ajabu ni kwamba mama huyohuyo, anayeweza kumkemea mweka hazina aliyechanganya masanduku, akirudi dukani kwake huweka kila kitu kwenye fundo moja la kitenge.

Mifuko miwili, basi, na ikiwezekana ya rangi tofauti. Unga unaochukuliwa kupikwa nyumbani uandikwe kama umenunuliwa, kwa bei aliyoulipia mwenyewe. Bora zaidi ni kujipangia posho ya wiki, hata kama ni ndogo, itoke mfuko wa biashara kwenda wa nyumbani siku moja inayojulikana. Wiki ambayo posho haitoshi, mkopo kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine uandikwe kama ambavyo ungeandikwa kwa mtu baki.

Ukurasa wa madeni

Deni ndilo linaloleta ugomvi zaidi, na hapa sarafu zinarudi tena. Mteja amechukua mchele wa dola 10 wakati dola ilikuwa 2,800. Anarudi na faranga 24,000 akisema dola leo ni 2,400 na amemaliza. Muuzaji anasema alimpa mchele wa faranga 28,000. Wote wawili wana haki, kwa sababu hakuna aliyeandika walikubaliana kwa fedha gani.

Mstari wa deni unahitaji mambo manne: tarehe, kitu kilichochukuliwa, kiasi pamoja na jina la sarafu, na alama ya mkono wa anayedaiwa, iwe sahihi au dole gumba. Kila mteja awe na ukurasa wake mwishoni mwa daftari, ili jirani anayelipa asione deni la jirani mwenzake. Asiyejua kuandika anaweza kumtumia mtoto wa shule, mradi asikie mstari ukisomwa kwa sauti kabla ya mteja kuondoka. Kuna wanaoona aibu kumwomba rafiki aweke sahihi kwa kilo mbili za mchele. Aibu hiyo hudumu dakika moja, wakati ugomvi wa faranga 4,000 unaweza kudumu hadi Pasaka.

Kuhusu mali iliyobaki, kuhesabu kila siku ni kujichosha bure. Mara moja kwa wiki inatosha, na siku nzuri ni ile ya kabla ya kwenda kununua: magunia mangapi yamebaki, madumu mangapi, na kila kimoja kilinunuliwa kwa bei gani. Ukiongeza fedha zilizomo mfukoni, za kwenye laini ya biashara na madeni ambayo kweli yatalipwa, ukatoa anachodaiwa mwenye duka mwenyewe, unapata mtaji. Kama namba hiyo ni ndogo kuliko ya mwezi uliopita, na kiwango cha dola si sababu, basi duka linakula lenyewe.

Kazi yote ya jioni inachukua muda wa kuchemsha chai. Noti hutenganishwa kwa sarafu, zilizochanika zikiwekwa kando. Jumla ya kila fungu huandikwa, kisha salio la laini ya biashara, unga uliokwenda jikoni na jetoni ya siku. Tofauti kati ya noti na karatasi, kama ipo, huandikwa nayo bila kufichwa. Kisha ukurasa mpya unafunguliwa, na juu yake, kando ya tarehe ya kesho, panaachwa nafasi tupu ya kiwango ambacho kambista atakitaja asubuhi.